Tanzia ya Soksi

Kwa miaka mingi watu wa mtaani walipomwona anapita, walipunguza sauti za redio zao. Walimwita Bi Tanzia. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo redioni kila mchana baada ya taarifa ya habari, na aliyasoma kwa sauti nzito, isiyopambwa: fulani amefariki dunia, habari ziwafikie fulani na fulani popote walipo. Hakuongeza kamwe kwamba marehemu amelala.

"Aliyelala huamka," alikuwa akisema. "Siwezi kumwacha mtu akae anasubiri."

Alipostaafu alidhani sauti yake nayo imestaafu. Kumbe wapi. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinatengeneza katuni ya watoto kutokana na kitabu cha zamani ambacho wazazi wote walisomewa udogoni, kisa cha Kware wa Kikapu: ndege mfupi, mwenye kiherehere, anayebeba kikapu kikubwa kuliko yeye, na asiyejua kudanganya hata pale uongo ungemwokoa. Mwongozaji wa katuni alikuwa amehangaika kutafuta sauti ya Kware mpaka siku alipomsikia Bi Tanzia benki akimgombeza kwa sauti nyembamba ya hasira mtu aliyeruka foleni. Akasema, ndiye huyu.

Basi mama mtu mzima akawa anajifungia kwenye chumba kidogo kama stoo, kuta zimebandikwa magodoro, bangili amezivua ili kipaza sauti kisizisikie. Fundi mitambo humwagiza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Bibi, nipe Kware anapanda ngazi."

Anahema.

"Nipe Kware anakula."

Anatafuna karoti.

"Sasa kilio. Kile kidogo."

"Kidogo cha njaa au cha kuonewa?"

"Cha njaa."

"Ungesema mapema, nisingemaliza karoti."

Aliipenda kazi hiyo kwa ajili ya mtu mmoja, mjukuu wake, mtoto wa binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Kila jioni mtoto alimpigia simu, akamsalimu bibi harakaharaka kama mtu anayelipa ushuru, kisha: "Nipe Kware." Na Kware akaja, na wakazungumza. Bi Tanzia alijiwekea sharti moja tu, kwamba Kware hatamwambia mtoto yule jambo lisilo la kweli. Siku binti yake alipomwomba Kware aseme mchicha ni mtamu, Kware alisema, "Si mtamu. Lakini kula."

Jumamosi moja asubuhi binti yake akapiga simu.

"Mama, Soksi kagongwa na gari." Soksi alikuwa paka wa mjukuu, mweusi mwenye miguu myeupe. "Baba yake kamzika nyuma ya nyumba kabla mtoto hajaamka."

"Maskini. Mtoto anasemaje?"

"Nimemwambia Soksi amesafiri."

"Kwa pasipoti ya nani?"

"Mama, usinifanyie hivyo. Hanisadiki. Anasema ataamini Kware akisema. Maneno mawili tu, mama. Soksi hajambo."

"Siwezi."

"Ni mtoto. Wewe umezoea. Ulikuwa unazika watu redioni mchana kutwa, jioni unakuja kutupikia."

"Nilipika kwa sababu walio hai wanakula. Nakuja."

Alijibu kwa ukali, lakini moyo wake haukuwa mkali hivyo. Njiani alijiuliza: Kware akileta habari hii, je, mtoto atamtaka tena? Zile jioni za simu ndizo zilizobaki tamu katika siku zake, na alikuwa anakwenda kuziweka rehani. Uongo ungemwachia zote. Lakini alijua jambo ambalo watu wazima hatupendi kuambiwa: anayemdanganya mtoto kwa kumhurumia, mara nyingi anajihurumia mwenyewe, hataki kuyaona machozi.

Alimkuta mtoto amechuchumaa kwenye mlango wa jikoni na kibakuli cha maziwa.

"Mke mwenzangu," Bi Tanzia akamtania, "leo hakuna salamu?"

"Shikamoo. Mama anasema Soksi amesafiri. Mbona hajanywa maziwa? Nipe Kware."

Binti yake, amesimama kando ya jiko, alimtazama mama yake kwa macho ya kuomba. Bi Tanzia akaketi sakafuni, magoti yakalalamika. Ikatoka ile sauti nyembamba ya Kware.

"Soksi amekufa. Gari lilimgonga. Hatarudi."

Mtoto akalia. Hakikuwa kilio kidogo wala kikubwa. Hakuna fundi mitambo ambaye angekiagiza kile.

"Simtaki Kware," akasema. "Aende."

"Amekwenda," bibi akajibu kwa sauti yake mwenyewe. "Nimebaki mimi."

Hakumbembeleza. Alimwekea tu mkono mgongoni, akauacha pale. Maziwa yakaanza kutanda utando. Hatimaye mtoto akavuta makamasi.

"Panya hawajui," akasema. "Watakuwa wanamwogopa bure."

"Basi tuwatangazie."

Bi Tanzia akanyoosha mgongo, akakohoa, na jikoni mle ikasikika sauti ambayo mtaa mzima uliikimbia.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha Soksi, kilichotokea leo alfajiri barabarani. Marehemu alikuwa mpenzi wa samaki na adui wa mapazia. Alipenda kulala juu ya nguo zilizotoka kupigwa pasi. Habari ziwafikie panya wote wa jikoni, ndege wa uani, na mbwa wa jirani popote alipo."

"Mbwa atafurahi," mtoto akasema, cheko na kilio vikigombania uso wake.

"Atafurahi leo. Kesho atakosa wa kumfukuza."

Mtoto akafikiri.

"Ongeza Kware. Alikuwa anampenda."

Bi Tanzia akaongeza: "Habari zimfikie Kware wa Kikapu."

"Na mama. Mama hajui, anadhani Soksi amesafiri."

Bi Tanzia hakugeuka kumtazama binti yake. Kuna ushindi ambao mzazi hauangalii usoni.

"Habari zimfikie mama," akasoma taratibu, "popote alipo."

Mama akazima jiko, akaja akaketi nao sakafuni.