Kompyuta ya Josho na Ng'ombe wa Mama Kulwa

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shule, maana sikuwa na vingine vya kufunika vidole. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mwenyekiti wa chama cha josho, hapa kwetu upande wa Didia, alinikabidhi kompyuta mpakato.

"Binti, wewe ndiye idara ya teknolojia. Kila kitu kiingie humu."

"Kila kitu kipi, Mwenyekiti?"

"Kila kitu! Ng'ombe, mwenyewe, idadi."

Wadogo zangu, kupanga mifumo ya chama si kununua mashine. Ni kuamua kipi kikae kwenye kompyuta, kipi kipite kwenye simu, na kipi kisiguswe. Mimi sikujua. Nilitengeneza jedwali, yaani safu za majina na idadi, nikakaa kwenye mlango wa josho, lile handaki la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogelea ili kupe wafe. Kila aliyefika nilimuuliza, macho chini: "Wangapi?"

Usukumani huulizi hivyo. Anayetaka kujua idadi ni mwizi, au mtu wa kodi.

Wiki iliyofuata foleni ilikuwa fupi. Mama Kulwa, mjane jirani yetu, alileta dume moja lililokonda.

"Shikamoo mama. Wengine je?"

"Marahaba. Wengine gani? Ninaye huyu tu." Na zizi lake tulilisikia likilia kila asubuhi! "Nimekubeba mgongoni, leo unanipeleleza?"

Nikaanza kumshuku Mwenyekiti: idadi hizi anazipeleka wapi? Yeye akanishuku mimi, eti nawatonya watu wafiche. Tukiwa bado tunaviziana, ndama wa Mama Kulwa akafa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Kisha ng'ombe wake wa maziwa, anayewalisha watoto wake, akavimba tezi za shingo.

Bwana Mifugo alipokuja kumchoma sindano, nilijikaza nikamuuliza, "Idadi ni ya nini hasa?"

"Dawa ya josho hupungua nguvu kadiri ng'ombe wanavyopita. Nikijua jumla, najua lini niongeze."

"Na kujua ng'ombe ni wa nani?"

"Hainihusu hata kidogo."

Kwenye mkutano niliigeuza kompyuta iwaelekee watu, nikafuta safu ya majina wakiona. Nikasema mpango: kompyuta itunze jumla na nguvu ya dawa, simu itume meseji ya siku ya kuogesha, wizi ubaki kwa filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, maana filimbi haiishiwi chaji. Makundi yachanganywe uwanjani kabla ya kuingia, ili isijulikane nani ana wangapi.

"Sasa mimi nitajua nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Utajua wa kwako, Mwenyekiti!" sauti ikatoka nyuma. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilistaafu nilipopangiwa kidato cha tano. Siku yangu ya mwisho vumbi lilitangulia: Mama Kulwa amefika mapema, kabla ya wote, na zizi zima. Mbele alikuwa yule wa maziwa, shingo imenywea.

"Lete simu yako," akasema. Nikampa, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Na hiyo kompyuta ifunike."

Wa mwisho alipotoka majini akanirudishia. "Umeona wangapi?"

"Sikuangalia, mama."

"Mwongo kama baba yako." Hapo ndipo alipocheka.

Niliwahesabu wote, macho hayana kitufe cha kuzimia. Ila idadi siiandiki, hata humu.