Mwiko wa Daktari Mworia

Mworia hakuwa daktari. Alikuwa na cheti cha afya ya mifugo, lakini mjini Isiolo yeyote anayeshika sindano ya mbuzi huitwa daktari, naye hakumkatalia mtu. Kwa mbuzi alikuwa hodari kweli. Kwa ngamia alikuwa mtu mwingine.

Ilianza wiki yake ya kwanza kazini, huko Burat. Ngamia jike mweupe wa Mzee Wario alimtazama, akatafuna kidogo, kisha akamtapikia uso mzima majani yaliyokwisha kuchacha tumboni. Mworia, mtoto wa wakulima wa miraa kutoka milimani, hakuwa amewahi kudharauliwa hivyo na mnyama. Tangu hapo, akimwona ngamia, vidole vinamlegea.

Kuogopa si kosa. Kosa ni alilofanya baadaye. Mzee Wario alipomuuliza mbona ameweka sindano chini, alijibu bila kupepesa macho, "Mzee, kwetu ni mwiko. Watu wa ukoo wetu hawagusi ngamia."

"Kumbe! Si ungesema mapema?" Mzee akamwondoa yule jike haraka, akaagiza daktari aletewe chai ya maziwa ya mbuzi, isije ikawa ya ngamia.

Mwaka mzima mwenzake Ekitela alichanja ngamia, Mworia akinywa chai. Uongo ukikaribishwa chai hunenepa.

Kisha Ekitela akaenda masomoni. Madam Khadijo, mkubwa wao, akamwita Mworia ofisini.

"Alhamisi, kwa Mzee Wario, ngamia thelathini. Chanjo ikirudi hapa bila kutumika, mkataba wako hauongezwi."

"Lakini madam, mimi na ngamia hatuelewani."

"Hata mimi na mume wangu. Na kazi inafanyika."

Siku tatu Mworia alijifungia chumbani kwake, mtaa wa Kiwanjani, akilidunga godoro sindano za maji na kuliambia, "Sikuogopi." Kufikia Jumatano godoro lilikuwa limelowa kama la mtoto mchanga, naye alikuwa ameanza kuamini karibu nusu ya maneno yake.

Alhamisi alifika Burat na chanjo ndani ya kikasha chake cha barafu.

"Habari, Mzee. Nimekuja kuchanja ngamia."

Mzee Wario aliweka fimbo yake kukinga mlango wa boma. "Wewe? Hapana, daktari. Mwiko wa mtu hauchezewi. Ukiuvunja hapa, balaa litamwangukia nani? Si ngamia wangu?"

"Mzee, leo naweza..."

"Keti. Sabdio! Mletee daktari chai. Ya mbuzi!"

Sabdio, mke wa mzee, alileta chai. Mworia aliitazama, akatazama barafu ikiyeyuka. Woga alikuwa amekuja nao na angeweza kuingia nao bomani. Uongo wake ndio uliofunga mlango. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, hakuna mwiko. Nilidanganya. Mimi naogopa ngamia."

Sabdio ndiye aliyeanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo. "Mwaka mzima! Mwaka mzima nakimbizana na mbuzi nikamue, kumbe mwiko wenyewe ni woga!"

Mzee hakucheka. "Ungesema unaogopa, ningekufundisha siku hiyo hiyo. Huyo mweupe hata mimi namwogopa." Akainua fimbo, njia ikawa wazi. "Basi anza na yeye."

Mzee alimshika jike taya. Mkono wa Mworia ulitetemeka, lakini hakuwa tena na la kuficha, ukatetemeka mbele ya watu na sindano ikaingia shingoni. Jike akageuka, akamtapikia uso mzima, kama zamani. Mworia akajipangusa kwa mkono wa shati. Vidole vilikuwa bado vimeshika sindano.

"Wa pili," akasema.

Saa sita mchana walikuwa wamekwisha thelathini wote, na mkataba ukaongezwa. Kiwanjani sasa wanamwita Daktari Mwiko, naye anaitika. Akifika kwa Mzee Wario hupewa chai ya maziwa ya ngamia, na Sabdio husimama papo hapo, mikono kiunoni, mpaka aone kikombe ni kitupu.