Nilikwenda Kuona Kwao

Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imebaki siku nne, na roho ilikuwa juu hata nilipokuwa nanyonyesha. Darasa langu, hapa Gitega, lilikuwa linaningoja. Mwanangu wa miezi mitatu nilikuwa nimwachie yaya niliyemjua kwa wiki mbili tu: mwanamke mpole, msafi, aliyekulia kambini Tanzania na kurudi na wazazi wake Butihinda, kule Muyinga. Mpole kupita kiasi, nilijiambia. Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chumvi ya jirani huionja kwanza.

Mama mkwe hakunipoza.

"Usimuachie mutoto mutu hujaona kwabo," alisema. "Mutu anaweza kujificha, nyumba yabo haiwezi."

Basi nikambeba mwanangu mgongoni, nikapanda basi hadi Muyinga, kisha pikipiki. Yaya alikuwa amenitajia kilima chao, nami nikauliza njiani hadi nikafika. Yeye nilimwambia nakwenda kwa dada yangu. Nilidanganya, ndiyo.

Nilijitambulisha, na mama wa yaya akanikaribisha ndani. Sijakaa vizuri, msichana wa kama miaka mitatu akachungulia mlangoni. Alikuwa na macho ya yaya wangu na paji lake la uso.

"Mjukuu wangu huyo," bibi alisema. "Mama yake ndiye anayekulelea."

Yaya alikuwa ameniapia kwamba hana mtoto.

"Kama amenificha mutoto muzima," nilimwambia bibi kwa hasira, "siku wangu akianguka, si atanificha pia?"

"Angekwambia, ungemchukua?"

Nisingemchukua. Nilitaka mtu ambaye moyo wake wote ungekuwa nyumbani kwangu, na sikuwahi kujiuliza mtu wa namna hiyo angetoka wapi.

Bibi alimimina uji wa mtama kwenye kikombe, akampa mjukuu aniletee. Mtoto alisimama mbele yangu, akanywa funda moja dogo kwanza, kama mwenyeji anavyofanya kwetu ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Mama yake alimfundisha," bibi alisema, "kabla hajaja kwako."

Nilikunywa uji wote. Hofu haikuisha, ilipungua tu, nikaweza kupumua.

Niliporudi Gitega nilimwambia yaya nilikotoka. Alikaa chini kwenye mkeka.

"Nisamehe, mama. Kila nyumba niliyosema nina mtoto, walinirudisha."

"Na mi nilikudanganya," nilisema. "Tuache hapo."

Siku ya kwanza kazini nilikuwa nafuta ubao ambao sikuwa nimeandika kitu. Saa nne, wanafunzi walipotoka kucheza, nilimpigia yaya simu. Amelala? Amelala, mama. Hajalia? Hajalia. Baada ya dakika kumi nikapiga tena na kuuliza yale yale, naye akanijibu polepole, bila kuchoka.

Saa sita nilikimbia nyumbani kunyonyesha. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni kwa yaya, naye alikuwa amenipa kisogo, simu sikioni, akizungumza kwa sauti ya chini.

"Amelala?" alikuwa anamuuliza mama yake. "Hajalia?"

Nilisimama nje, maziwa yakinilowesha blauzi, nikasubiri hadi amalize.