Kikohozi cha Baba

Nina kipaji kimoja tu, na hakipo kwenye mtaala. Naweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Mwalimu wa nidhamu niliwahi kumwiga hadi kidato cha tatu kizima kikasimama kumwamkia, kumbe ni mimi nimejibanza nyuma ya mlango. Fimbo nilizokula siku ile ni siri yangu na suruali yangu.

Mwaka jana, mfungo ulipoingia kumi la mwisho, Kariakoo haikuwa na pa kukanyaga. Tunakaa chumba na sebule kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobanwa na maghorofa mawili, na tangu asubuhi spika za wauza nguo zilikuwa zinatupigia kelele dirishani: "Gauni la sikukuu, mama, usimwache mtoto analia!" Mdogo wangu wa kiume, miaka sita, alikuwa ameshakariri matangazo yote. Wa kike, miaka minne, alikuwa analia kweli, utadhani spika imemwagiza.

Baba alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma, kwenda Kusini kwenye msimu wa korosho. Msimu ukaisha, korosho watu wakazila, yeye hakurudi. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Baadaye mara moja moja. Baadaye tena ikawa ni yule dada wa kwenye simu anayesema namba haipatikani, na Mama alimsikiliza hadi mwisho kila mara, kwa lugha zote mbili.

Siku hiyo Mama alikuwa uani anapika vitumbua vya futari, mimi nimeachiwa wadogo zangu. Nilitaka kwenda kucheki mpira. Wao wakanishika shati.

"Kaka, Baba anakuja Idi?"

"Sijui."

"Kaka, anakuja?"

"Ngoja nikamuulize," nikasema, nikachomoka.

Pale kona kuna rafiki yangu anauza kava za simu. Nikaazima simu yake. Nilijua simu ya Mama wanayo wao, wanachezea gemu.

"Na wakinipigia baadaye?" akauliza.

"Sema kuna mzee kaazima, kashaondoka."

Tukacheka mpaka tukashikana mabega.

Baba akishika simu hukohoa kwanza. Mara mbili, moja fupi, moja ndefu, kama pikipiki inayogoma kuwaka. Ndipo anasema, "Enhee! Wazee wangu wa mjini!"

Nikakohoa. Nikasema. Upande wa pili yakaja makelele ambayo hata spika ya gauni ingenyamaza. "Baba! Baba! Unakuja Idi?"

Swali hilo sikuwa nimelipangia jibu. Nilikuwa nimeshaingia kwenye kuchekesha, na nikishaingia humo siangalii mlango wa kutokea uko wapi.

"Nakuja," nikasema. "Niwekeeni pilau. Finyango kubwa ni yangu."

Nikaenda kwenye mpira wangu. Narudi nyumbani najua nitakuta kicheko, au mwiko wa mgongoni, vyote nilikuwa tayari. Nikamkuta Mama amepiga magoti uani mbele ya mdogo wangu wa kiume, mikono ina unga hadi viwikoni.

"Hebu sema tena. Alisemaje?"

"Kasema anakuja. Awekewe finyango kubwa."

"Alikohoa?"

"Alikohoa mara mbili, Mama."

Nyuma yake vitumbua vilikuwa vinaungua. Mama yangu, anayejua kitumbua kimeiva kwa harufu tu, amekaa hapo na moshi unampita usoni. Akaichukua simu, akaipiga ile namba. Nikasikia sauti ya rafiki yangu, mjinga yule, amekariri vizuri kuliko nilivyomfundisha: "Hapana, Mama, kuna mzee tu aliazima, kashaondoka."

"Sawa, baba," Mama akasema. "Mungu akubariki kwa kumwazima."

Nikaenda kuepua vitumbua vilivyoungua, nisimwangalie usoni.

Kwetu sare ndiyo Idi yenyewe. Mama hununua kitambaa cha gora moja, familia nzima tunashonewa humo, hadi tukitembea pamoja unaweza kudhani pazia limekatika vipande. Idi mbili kabla ya hiyo alinunua cha watu wanne. Mwaka jana, asubuhi baada ya ile simu, akanunua cha watu watano, cha buluu yenye michoro ya majani, akanibebesha hadi kwa fundi.

Fundi wetu hushonea barazani, na ana daftari lenye vipimo vya mtaa mzima. Kama kuna mtu kaficha kitambi, fundi anacho kwenye maandishi.

"Na shati la baba yao," Mama akamwambia.

Fundi akainua miwani. Akafunua kurasa za nyuma kabisa, zile zilizopauka. "Huyu hapa. Mama, hivi vipimo vya zamani. Kama kanenepa?"

"Amnenepeshe nani huko?" Mama akacheka.

Kicheko hicho nilikuwa sijakisikia miaka miwili. Huo ndio ulikuwa muda wangu wa kusema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni sauti ya fundi: "Njoo kesho, Mama. Kesho kabisa. Kesho haipiti." Wote wakacheka, hadi fundi mwenyewe. Nikarudi nyumbani shujaa.

Siku zilizobaki nilikuwa nasema nitamwambia baada ya futari. Baada ya futari nasema baada ya daku. Jioni watu walipotoka kutafuta mwezi, Kariakoo nzima mimi ndiye pekee niliyekuwa naomba wingu. Mwezi ukaonekana hivyo hivyo, bila aibu.

Siku ya Idi tulivaa pazia letu. Shati la Baba Mama alilipiga pasi mara mbili, akalitundika kwenye msumari wa ukutani. Pilau ikaiva, finyango kubwa ikawekwa pembeni, ikafunikwa kawa. Watoto wa jirani wakapita na vipodozi hadi masikioni.

"Twendeni Mnazi Mmoja, kuna pembea!"

"Hatuendi," mdogo wangu akajibu. "Baba akija atatukosa."

Wadogo zangu wakakaa barazani wawili, miguu inaning'inia, wanakagua kila bodaboda.

"Baba ana ndevu?" wa kike akauliza. Alikuwa na miaka miwili Baba alipoondoka.

"Anazo. Kama beberu."

"Yule?"

"Yule muuza soksi, mjinga wewe."

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Aiskrimu nilizowanunulia zikawayeyukia mikononi kwa sababu walikuwa wanaangalia barabara. Nikaingia ndani. Mama alikuwa amesimama mbele ya lile shati, ananyoosha kola ambayo haikuwa na mkunjo.

"Mama."

"Foleni za Mbagala hizo," akasema. "Wakitoka Kusini wote wanakwama pale."

"Mama, ile simu ilikuwa mimi."

"Ulikuwa wewe nini?"

"Baba. Nilimwiga. Nilikuwa natania."

Nikalegeza shavu, nikasubiri kofi. Nilikuwa nalihitaji, nisidanganye. Kofi lingekuja, ningelia, ningenuna, mambo yangeisha. Mama hakugeuka. Mkono wake uliendelea kwenye kola, kwenda na kurudi, halafu ukashuka hadi kifungo cha kwanza ukabaki hapo. Nje spika ilikuwa bado inanadi magauni ya sikukuu ambayo imeshafika.

"Hebu kohoa," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nimekwambia kohoa."

Nikakohoa. Moja fupi, moja ndefu. Yeye amefumba macho, paji la uso kaliegemeza kwenye shati.

Nikasikia ndala zinakimbia kutoka barazani. "Baba! Baba kafika! Nimemsikia!" Pazia la mlango likaruka, wakaingia wote wawili, wanahema, mikono ina aiskrimu. Wakamwangalia Mama. Wakaangalia nyuma ya mlango. Mdogo wangu wa kiume akaniangalia mimi, kisha akaniangalia mdomoni.

Wa kike akapiga magoti na gauni lake jipya, akaanza kuchungulia uvunguni mwa kitanda.