Kikao Ulichoniomba, Akinyi

Siamini bado. Na sisemi hivyo kwa mdomo tu. Jumanne dadake Akinyi aliponipigia akilia, nilidhani ni mbinu. Nilidhani Akinyi amemtuma ili hatimaye nijibu ujumbe wake.

Mnanijua, mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikiletewa chai nauliza nani ameituma.

Kwa wasiomjua: Akinyi na mimi tulikuwa volunteers miaka sita kwenye ukumbi wa kanisa mtaa wa Manyatta, Kisumu. Aliyekosa na aliyekosewa, tunawakalisha chini waongee kabla mambo hayajafika polisi. Wakubwa wanaita restorative justice. Yeye aliita "kazi ya viti".

Kwa sababu sheria yake ilikuwa moja: aliyeumizwa anachagua kiti kwanza.

Kuna mama muuza nguo wa soko la Kibuye, jirani yake alimwibia cherehani. Mama akaingia, akachagua kiti cha mlangoni. Nikataka kumsogeza mbele. Akinyi akanivuta shati: "Wafula, wacha! Bado anaogopa, anataka njia ya kutoka." Wiki ya tatu yule mama alijiketia katikati mwenyewe.

Na utani! "Wewe Mluhya, ulikuja Kisumu kutafuta kazi ama kutafuta samaki?" Namjibu vyote viwili. Yawa, huyo dada alicheka mpaka wenye kesi wanasahau ugomvi wao.

Mwaka huu mambo yakabadilika. Kazi tuliyofanya bure ikatangazwa: officer, mkataba, meza na kompyuta. Nafasi moja.

Mimi tangazo sikuliona. Yeye aliliona.

Nikaanza kunusa kitu. Simu ikiita, anatoka nje. Nikipita, anafunga laptop. Ijumaa moja akasema anaenda Bondo kumwona mamake, na saa nne asubuhi nikamkuta Kibuye akijaribu blazer nyeusi ya mtumba. Nani huenda kumwona mamake na blazer? Nilijificha nyuma ya mapazia ya kuuzwa, nikamchungulia akijipima.

Sikumuuliza. Mimi ambaye kutwa nawaambia watu "muulize mwenzako". Nilinuna tu, hata salamu nikapunguza.

Deadline ilipopita ndipo nikapata hilo tangazo. Kumbe nilishuku sawa. Haikunifurahisha hata kidogo.

Kisha akaniandikia: "Wafula, nilikuficha kazi. Niliogopa wangekuchukua wewe. Nimekukosea. Niitie kikao, uchague kiti."

Nikasema, huyu ameshapita interview, sasa anataka kusafisha roho kabla ya kuripoti. Nikasoma, nikamwachia blue tick bila jibu. Siku nane nzima. Siku ya tisa pressure ikamwangusha jikoni kwake, asiamke tena.

Sasa mmeanza kuniingia inbox. "Pole sana bro. Na ile nafasi si iko wazi?" Nawashuku nyinyi wote. Lakini najishuku mimi zaidi, kwa sababu hilo wazo lilinijia kabla yenu.

Jana nilimpigia mamake kumpa pole. Akaniambia Akinyi atazikwa na hiyo blazer. Halafu akasema polepole, "Mwanangu, alikuona siku hiyo sokoni ukijificha. Alikuwa anangoja umuulize."

Nilikata simu bila kuaga. Mama, nisamehe kwa hilo pia.

Akinyi, nyar Bondo, binti wa Bondo, Jumamosi nitafika kwenu mapema, kabla hema halijajaa. Wewe ulishasema lako. Langu ni hili: nilikuona nikajificha, na uliponiomba kikao nikakunyima. Wewe ulikosa mara moja. Mimi nilikosa siku nane.

Nitachagua kiti, na hakitakuwa cha mlangoni.

Lala salama, dada yangu. Kikao chako kipo.