Kisanduku cha Sijui

Umewahi kupoteza fahamu?

Lilikuwa swali la tisa kwenye fomu, kati ya kisukari na kusinzia mchana, na mbele yake visanduku viwili: Ndiyo, Hapana. Yale manane ya kwanza nilikuwa nimeyajibu hapana bila kufikiri. Kwenye la tisa kalamu ikasimama.

Mpaka leo naliona swali lile limekaa vibaya. Anayeulizwa kama fahamu zilipotea ni yule yule aliyezipoteza. Ni sawa na kumuuliza mtu usiku wa jana alikoroma mara ngapi. Chuo kikuu nilifundishwa kwa miaka mitatu kutomwamini shahidi ambaye hakuwepo, na sasa fomu ya daktari ilitaka nitoe ushahidi wa saa ambazo mimi mwenyewe sikuwepo.

Ilikuwa Ijumaa, katika hospitali moja wilayani Karagwe. Tulikaa kwenye benchi la ukutani, madereva wapya wa malori, wanaume watano na mimi, kila mmoja na kichupa chake cha mkojo mkononi kikiwa bado na joto. Shahada yangu ya sosholojia ilikuwa imelala ndani ya bahasha mwaka wa pili. Nilikuwa nimechoka kuandika barua za kuomba kazi, nikaenda kujifunza magari makubwa, na mfanyabiashara mmoja wa Rubwera, anayesafirisha kahawa na maharage, akanipa lori lake nimwonyeshe. Nililirudisha kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala bila kugusa nguzo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi.

"Jumatatu saa nne niletee karatasi ya daktari," alisema. "Funguo ni zako. Usipoileta, kuna mtu mwingine anazitaka."

Huyo mtu mwingine ndiye aliyekuwa amekaa kushoto kwangu kwenye benchi, mwanaume wa makamo mwenye kitambi na sauti ya kuuzia mnadani.

"Dada, kliniki ya wajawazito ni mlango wa kule," aliniambia nilipofika.

"Na ya wazee?" nikamuuliza. "Nikupeleke?"

Benchi zima likacheka, yeye kuliko wote. Baadaye aliiona kalamu yangu imeganda, akachungulia.

"Umekwama wapi, msomi?"

"La tisa."

"Ah! Fomu hizi unaandika hapana kutoka juu mpaka chini, kama unapanda maharage. Shimo kwa shimo, huruki hata moja."

"Na kama si kweli?"

"Kwani karatasi itaenda kumuuliza nani?"

Nilitaka kumjibu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuzama kule ninakozamaga kila mtu akinitajia kuzimia.

Nina miaka sita, au saba. Ni asubuhi, niko kwa bibi yangu mzaa mama, upande wa Murongo, chini ya migomba. Mwanga unashuka kupitia majani ukiwa wa kijani, kana kwamba umechujwa. Mbele yangu kuna majani makavu ya migomba yaliyotandazwa juu ya kitu kirefu. Nayafunua. Chini yake kuna sauti, kama mvua inayonyesha mbali, kijiji cha pili, lakini mbingu ni nyeupe na hakuna mvua. Nyuki wanapita karibu na sikio langu wakiwa hawana haraka. Kisha migomba inaanza kuinama, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama watu wanaoniamkia. Nawaitikia marahaba. Halafu hakuna kitu. Halafu dari ya nyumba ya bibi, uso wa bibi, na nje jua la jioni.

Kati ya asubuhi ile na jioni ile kuna shimo. Nimelibeba maisha yangu yote, wala halikuwa na uzito, hadi nilipokutana na swali la tisa.

Daktari alikuwa msichana wa rika langu, mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Alinipima presha. Aliniziba jicho moja nikasoma herufi za ukutani, kisha la pili. Alinifungulia kijitabu chenye vidoa vya rangi nikamtajia namba zilizojificha ndani yake. Aliniambia nifumbe macho, ninyooshe mikono, nisimame kwa mguu mmoja, na nikiwa pale gizani mwangu nikawa mwepesi kiasi cha kudhani kwamba nikifumbua macho nitaikuta migomba. Alinigonga goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka bila kuniomba ruhusa.

"Mzima kama ng'ombe," alisema. Akaiangalia fomu. "La tisa hujajibu."

"Naweza kuandika sijui?"

"Dada, sijui haina kisanduku."

Nikamsimulia shimo langu. Alisikiliza akiwa ameiweka kalamu chini, jambo ambalo sikulitegemea.

"Ulitikisika? Ulitoa povu? Ulijikojolea?"

"Aliyekuwa anatazama si mimi."

"Basi kamuulize aliyekuwa anatazama. Nakuwekea fomu yako hapa mpaka Jumatatu asubuhi. Siwezi kusaini kwa ajili ya mtu atakayeshika lori la tani kumi kwenye miteremko yetu huku ana tundu katikati."

Jumamosi nilichukua bodaboda hadi nyumbani, Nyakatuntu. Baba ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na katika nyumba yetu chupa ya pombe haikuwahi kuingia hata ikiwa tupu, ya kuwekea mafuta ya taa. Alinijibu kabla sijamaliza kuuliza.

"Malaria. Andika malaria, siku zile kila mtoto alikuwa nayo."

"Lakini baba, wewe hukuwepo."

"Hata wewe hukuwepo," alisema.

Tulikuwa tukienda kwa bibi kila likizo, mimi na ndugu zangu, naye baba alitukubalia kwa shingo upande, kwa sababu bibi alikuwa Mkatoliki na kwake, alisema, watu wanakunywa. Mimi sikuwahi kumwona mtu akinywa pale. Niliamini ni chuki ya kawaida ya wakwe.

Mama alikuwa akimenya ndizi. Aliendelea kumenya.

"Mimi nilifika saa tisa," alisema. "Nilikukuta umelazwa ndani, bibi yako anakulowesha midomo kwa kitambaa. Nikakuita, hukuitika. Ulikuwa unatabasamu."

"Nilikuwa natabasamu?"

"Kama aliyeambiwa jambo zuri." Kisu kikasimama. "Na kulikuwa na povu limekauka pembeni mwa mdomo."

Baba aliweka kikombe chake chini, taratibu sana. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Kwetu ugonjwa ule hautajwi mbele ya msichana ambaye hajaolewa. Unaachwa upite kama mgeni aliyekosea nyumba. Lakini niliusikia ukikaa.

Usiku ule nilijichunguza kama mtu anayechunguza kitanda cha nyumba ya wageni. Kila mara nilipowahi kupitiwa na mawazo darasani, kila mara nilipofika mahali nisikumbuke njia niliyopita, nilivitoa vyote nikavipanga upya, na vyote vikaanza kufanana na ushahidi.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa bibi. Salamu zetu ni ndefu, za Kinyambo, zinapita kwa watu wote na mifugo yote kabla ya kufika kwenye shida yako. Tulikaa nyuma ya nyumba, na pale palikuwa vile vile: migomba, mwanga wa kijani, na ule mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi, umefudikizwa, kuku wamepanda juu yake. Nimeuliza kila kitu katika maisha yangu, hata Utatu Mtakatifu nilimuuliza mchungaji hadi akaniomba nipumzike. Mtumbwi ule sikuwahi kuuulizia. Ulikuwa umefudikizwa hivyo tangu nilipojua kuutazama.

"Bibi, siku ile niliyolala kutwa. Ilikuwaje?"

"Jua."

"Asubuhi?"

"Kuna jua la asubuhi."

"Bibi, mtoto halali kutwa nzima kwa jua la asubuhi."

"Wewe siku hiyo uliamka unaniuliza kwa nini nyuki hana meno, na kama hana meno anatafunaje, na kama hatafuni kwa nini ana mdomo. Uliponyamaza nilimshukuru Mungu. Sikumuuliza kwa nini."

Nilicheka, kisha nikamshika mkono. "Nilitikisika?"

"Hapana."

"Mama anasema kulikuwa na povu."

Bibi aliwatazama kuku waliopanda mtumbwi. Upepo ulipita juu ya shamba, majani yakagongana kwa sauti yao kavu.

"Karatasi hiyo," alisema, "andika hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekwambia."

"Hiyo si sababu, bibi."

"Basi huna sababu. Andika hapana."

Nikimkumbuka sasa namwona jinsi alivyokuwa akinitazama, kama mtu anayekushikia mlango mzito akisubiri upite. Siku ile niliona mzee anayeficha ugonjwa wa ukoo ili mjukuu aolewe. Nilirudi kwa bodaboda huku nikiwa na hasira, nikijiona mtu pekee mkweli wilaya mbili nzima.

Jumatatu asubuhi niliandika ndiyo. Nikaongeza maelezo, mistari mitano, na neno povu.

Daktari aliyasoma mara mbili. Hakunilaumu wala hakunisifu. "Siwezi kusaini," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfunika mwenzake shuka. Akaniandikia rufaa ya kwenda Mwanza kupimwa umeme wa ubongo.

Saa nne nilikuwa Rubwera, mikono mitupu. Nilimweleza bosi ukweli wote. Alinisikiliza hadi mwisho, akaita jina, na yule mwanaume wa benchi akatoka nyuma ya ghala akiwa na karatasi yake, hapana kutoka juu mpaka chini. Alipopokea funguo hakunitania. Alisema tu, "Pole, dada. Ungepanda maharage."

Mwanza nilisubiri zamu yangu hadi masika yakapita. Nilivishwa kofia ya nyaya, nikaambiwa nifumbe macho, na mashine ikachora milima midogo midogo kwenye karatasi ndefu. Nililala humo ndani. Niliota ile mvua isiyonyesha. Mtaalamu aliipitia michoro kwa kalamu yake, akasema hakuna kitu, kichwa ni kizima. "Basi ile siku ilikuwa nini?" nikamuuliza. Akasema mashine inapima leo tu.

Nilipata cheti, na baada ya muda nikapata lori jingine, la mtu mwingine. Ndilo ninaloendesha. Barabara ya Murongo asubuhi ya ukungu inakuja kwako vipande vipande, kilima, kisha nusu ya mgomba, kisha mtu na baiskeli bila miguu, na kuna siku nafika chini ya mteremko nisijue nimeota au nimeendesha. Nikifika tambarare napunguza mwendo, nataja jina langu kwa sauti, kisha naendelea. Ni mazoea yaliyobaki kutoka kwenye fomu ile.

Ilichukua miaka. Nilikuwa nampeleka bibi Rubwera kuangaliwa macho. Tulimpandisha kwenye kiti cha mbele kwa kigoda, akakaa wima kama askofu, akiitazama barabara asiyoiona vizuri.

"Siku ile hukuugua," alisema ghafla.

Sikuuliza siku ipi.

"Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikupa juisi ya ndizi, kwenye mtumbwi, kabla hatujatia mtama wa kuichachusha. Ukaipenda. Asubuhi ulirudi peke yako na kibuyu. Hukujua kwamba juisi ya jana leo ni rubisi, pombe yenye povu."

"Nilikuwa nimelewa?"

"Sana. Uliniamkia ukaniamkia, ukaiamkia na migomba."

"Na mbona hukuniambia nilipokuuliza?"

"Ningekwambia wewe, ungemuuliza baba yako. Baba yako angejua, ningewaona tena siku ya mazishi yangu." Alijishika kwenye kiti hadi tukapita kona. "Nilikwambia andika hapana. Wewe hupokei neno bila sababu, na sababu ndiyo sikuwa na uwezo wa kukupa."

La mtumbwi hakulisema. Hilo nilikuja kuambiwa na mama mwaka huu, tukimenya ndizi, naye alilisema kama jambo la kawaida ambalo hakuna aliyewahi kujua maana yake: kwamba bibi alisomesha watoto wake wote kwa kuuza rubisi, na kwamba jioni ile nilipofumbua macho alitoka nje, akamwaga yote iliyobaki, akaufudikiza mtumbwi, na hakukamua tena.