Kosa Nililomwekea Mkaguzi

Kuna siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na kila nikianza kuiandika kalamu husita. Sikusoma sana, wala sina hakika kama mimi ndiye wa kukushauri. Lakini nilikuwapo, basi nitasema nilivyoona, bila kujipamba na bila kujipaka masizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shule ndogo upande wa Mabanga, huku Bungoma. Mimi nilikuwa mwalimu msaidizi, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Darasa kubwa lilikuwa la Mwalimu Yohana, ambaye ndiye aliyenifundisha mimi mwenyewe kusoma. Alikaa na mkewe na watoto katika nyumba ya shule. Alikuwa na desturi yake: kila asubuhi, kabla ya kengele, aliandika somo ubaoni kisha akaniita. "Njoo tuangalie, kijana wangu. Macho manne si kama mawili." Mara nyingine nilipata kosa, naye akalifuta akicheka.

Wiki ile alifundisha vitenzi vya Kiingereza ambavyo wakati uliopita hubadilika kufuata maana. Jua liking'aa, jana yake ni "shone". Viatu ukiving'arisha, ni "shined". Koti ukilitundika, ni "hung". Mtu akinyongwa kwa kamba, ni "hanged", na hilo neno la pili tulilisikia sana miaka ile ya Hali ya Hatari. Mimi vitenzi hivyo nilivijua. Niliwahi kufanya kazi Kitale, kwenye shamba la mzungu mmoja, na karani wa pale alinikaririsha kimoja kimoja tukishona magunia ya mahindi.

Siku ninayoisema, mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama Mwalimu Yohana ataachiwa darasa kubwa au atashushwa. Sote tulijua hivyo. Asubuhi akaniita kama kawaida. Nikaona ubaoni koti la baba mtu limenyongwa mlangoni: ameandika "hanged" badala ya "hung".

"Kuna kosa, kijana wangu?"

"Hakuna, Mwalimu. Iko sawa."

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilijibu vile. Sikumchukia. Nadhani nilitaka mkaguzi anione, na nafasi nyingine sikuwa nayo.

Saa nne mkaguzi akaingia, na wazazi wakajipanga nyuma kwenye mabenchi. Somo lilipofika kwenye koti, nikainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Hapo umelinyonga koti."

Watoto wakacheka. Wazazi nao wakacheka, hata wasiojua wanacheka nini. Mkaguzi akaandika kitu. Mwalimu Yohana akaangalia ubao, akafuta neno, akaandika la sawa. "Asante, kijana wangu. Ni kweli," akasema, na somo likaendelea.

Jioni mwenzangu mmoja alinikuta njiani. "Wewe bana, ati siku hizi unasahihisha hata wazee? Utamsahihisha na babako?"

"Si alikosea?" nikamjibu. Na kweli alikuwa amekosea.

Muhula uliofuata Mwalimu Yohana alipewa watoto wa darasa la kwanza, nami nikapewa darasa lake. Sisemi ni kwa sababu ya koti peke yake. Karatasi ya mkaguzi ilikuwa na mistari mingi, na sikuisoma. Lakini hakumaliza mwaka. Alihamisha mkewe na watoto kutoka nyumba ya shule, akaenda Kitale kuwa karani wa ghala la mahindi.

Mavuno mawili yakapita ndipo nikamfuata. Alifurahi kuniona. Mkewe akatupikia chai, naye akaniambia, "Watu walikulaumu sana. Mimi niliwaambia, kijana wangu hana hatia. Aliliona pale pale, akalisema pale pale. Mtu aseme nini tena?"

Ningeweza kunywa chai yangu nikarudi Bungoma na sifa hiyo. Sikuweza kuimeza.

"Niliona asubuhi, Mwalimu."

Akaweka kikombe chini. 

"Lakini nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakunitukana. Aliniuliza habari za mvua, akanisindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa mgeni, akanipa mkono. "Safari njema, Bwana Mwalimu," akasema. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulionana mara kadhaa. Hakuniita tena kijana wangu.

Mwanangu, sisemi kosa la mkubwa lifunikwe. Watoto wale wangelibeba hadi uzeeni, na hilo nalo si haki. Nasema hivi: ukiliona kosa likiwa bado linafutika, liseme wakati huo, na umwambie mwenyewe. Usiliwekee akiba ya siku ya wageni. Nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Neno ni lile lile, lakini wewe unajua umelitoa kwa nia gani. Na mtu anayekuamini akikuuliza, mjibu. Maji yakimwagika hayazoleki, hata uyafuate mpaka Kitale.

Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kusema mapema. Akupe watu wa kukuuliza, na wasije wakajuta kwamba walikuuliza wewe.